Hisia, Mhemko na Jina: Uhakiki wa Nadharia za Kisaikolojia na za Sayansi ya Neva kuhusu Hisia za Binadamu

1.0 Utangulizi

Mhakiki wa fasihi ya Kiswahili anayeegemea saikolojia kwa kawaida huanza na Sigmund Freud. Anayetaka kuchunguza hisia za wahusika kwa undani, hata hivyo, hukutana na nadharia nyingine nyingi ambazo zimeasisiwa katika saikolojia na sayansi ya neva tangu mwaka 1884. Nadharia hizo zinapingana zenyewe kwa zenyewe. Zinapoelezwa kwa Kiswahili, tatizo la pili huongezeka: zote hubebwa na neno moja, yaani hisia.

Neno hilo limetwishwa mzigo mkubwa. Mtu huhisi baridi, huhisi maumivu ya jino, huhisi kwamba anafuatwa njiani, na huwa na hisia za mapenzi. Katika magazeti, hisia za wananchi kuhusu jambo fulani huweza kuwa maoni yao tu. Upana huu hauna madhara katika mazungumzo ya kila siku, kwa sababu muktadha huondoa utata. Katika uhakiki unaojengwa juu ya nadharia, upana huo huo huzaa makosa.

Makala hii inatetea hoja moja. Sehemu kubwa ya mgogoro baina ya nadharia za hisia ni mgogoro kuhusu kitu gani kistahili kuitwa hisia. Mhakiki anayevipa vitu vitatu neno moja huzipatanisha nadharia pale zinapopingana, na huzigombanisha pale ambapo kila moja inazungumzia jambo lake. Ili kuliepuka kosa hilo, makala inapendekeza mgawanyo ufuatao: mhemko ni mabadiliko ya mwili na mwenendo, hisia ni namna mtu anavyoyaonja mabadiliko hayo ndani ya nafsi yake, jina ni dhana ambayo lugha na jamii humpa mtu ili ayatambue na kuyaeleza. Maneno haya si mapya. Kinachopendekezwa ni kila moja kupewa kazi yake.

2.0 Mwili au Ubongo: James, Lange na Cannon

William James, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha mwaka 1884 makala iliyopindua mpangilio uliozoeleka. Fikra ya kawaida husema kwamba mtu humwona dubu, huogopa, kisha hukimbia. James alidai kinyume chake: mtu humwona dubu, mwili hubadilika na kuanza kukimbia, na utambuzi wa mabadiliko hayo ndio woga wenyewe. Mwaka uliofuata, daktari wa Denmark, Carl Lange, alitoa hoja inayokaribiana na hiyo kwa kuzingatia zaidi mishipa ya damu. Tangu hapo majina yao yakaunganishwa katika nadharia moja.

Nguvu ya nadharia hii imo katika swali ambalo James aliliacha mezani: mtu akiondoa moyo unaodunda, pumzi zinazokatika na miguu inayotetemeka, ni woga wa namna gani utakaobaki? Swali hilo halijapoteza makali yake. Hata hivyo, katika maelezo ya James mhemko na hisia vimewekwa karibu mno, kiasi kwamba hisia inakuwa kivuli cha mwili. Jina halina nafasi kabisa.

Walter Cannon aliishambulia nadharia hiyo mwaka 1927 kwa hoja zilizotokana na maabara. Alionyesha kwamba wanyama waliokatiwa mawasiliano baina ya viungo vya ndani na ubongo waliendelea kuonyesha dalili za hasira. Aidha, alieleza kwamba mabadiliko ya viungo vya ndani ni polepole mno kuweza kuwa chanzo cha hisia inayozuka mara moja. Zaidi ya hayo, mabadiliko yale yale hutokea katika woga, hasira, homa na baridi kali. Kama mwili unasema jambo lile lile katika hali zote hizo, mtu anajuaje kwamba anaogopa na wala hana homa? Cannon, pamoja na Philip Bard, wakaihamishia asili ya hisia katika sehemu za ndani za ubongo.

Ukosoaji wa Cannon ni mzito, lakini una pengo ambalo mgawanyo uliopendekezwa hapo juu unaliweka wazi. Paka anayefoka bila kupokea taarifa kutoka katika viungo vyake anathibitisha kwamba mhemko unaweza kuendelea. Hathibitishi kwamba hisia inaendelea, kwa sababu hakuna aliyemuuliza paka anaonja nini. James alikuwa akizungumzia hisia. Cannon alimjibu kwa ushahidi wa mhemko. Mabishano haya yamefundishwa kama ushindi wa upande mmoja dhidi ya mwingine, ilhali kwa kiasi fulani wahusika walikuwa wakipishana.

3.0 Sindano na Chumba: Schachter na Singer

Stanley Schachter na Jerome Singer walijaribu, mwaka 1962, kuziba pengo la jina. Watafitiwa wao walidungwa sindano waliyoambiwa kuwa ni ya vitamini. Baadhi yao walikuwa wamedungwa adrenalini, na wengine maji ya chumvi yasiyokuwa na dawa. Kati ya waliopewa adrenalini, wapo walioelezwa ukweli kuhusu dalili ambazo wangezipata, wapo ambao hawakuelezwa lolote, na wapo waliodanganywa. Kisha kila mmoja aliwekwa chumbani pamoja na mtu mwingine ambaye kwa siri alikuwa mshirika wa watafiti. Mshirika huyo aliigiza ama uchangamfu uliopita kiasi, ama hasira. Matarajio yalikuwa kwamba mtu anayehisi moyo ukimwenda mbio bila kujua sababu angemtazama mwenzake na kuazima kwake maelezo ya hali yake mwenyewe.

Hapa ndipo jina lilipoingia rasmi katika nadharia. Mwili hutoa msisimko usio na sura, na mazingira huupa sura. Wazo hili limenukuliwa mno katika vitabu vya kufundishia, na kwa mhakiki wa fasihi lina mvuto wa wazi. Pamoja na hayo, matokeo yenyewe hayakuwa imara kama umaarufu wake. Tofauti baina ya waliodungwa adrenalini bila maelezo na waliodungwa maji ya chumvi haikuwa ya kutosha kuithibitisha nadharia. Isitoshe, majaribio ya kurudia utafiti huo yaliyochapishwa mwaka 1979, moja na Christina Maslach na jingine na Gary Marshall na Philip Zimbardo, hayakupata matokeo yaliyotarajiwa. Msisimko usio na maelezo ulielekea kuonjwa kama jambo baya, hata mbele ya mtu mchangamfu.

Maana yake si kwamba jina halina kazi. Maana yake ni kwamba jina haliwezi kuandikwa juu ya mwili wowote kama lebo inavyobandikwa juu ya chupa tupu. Mwili huja na mwelekeo wake, na jina hujadiliana na mwelekeo huo.

4.0 Uso na Madai ya Umajumui

Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1872, alidai kwamba namna binadamu wanavyoonyesha hisia ina mizizi katika historia moja ya viumbe. Paul Ekman na Wallace Friesen waliupeleka mjadala huo Papua New Guinea, kwa watu wa jamii ya Fore. Katika utafiti wao wa mwaka 1971, watafitiwa walisomewa hadithi fupi kisha wakatakiwa kuchagua picha ya uso inayolingana nayo. Kutokana na kazi hiyo na nyingine za Ekman, orodha ya hisia sita za msingi ilienea: furaha, huzuni, hasira, woga, kinyaa na mshangao.

Kazi hii inastahili heshima kwa kuthubutu kutoka nje ya kumbi za vyuo vikuu vya Magharibi. Hata hivyo, hata kwa Wafore, woga na mshangao havikutenganishwa vizuri. James Russell, mwaka 1994, alionyesha kwamba mbinu ya kumpa mtafitiwa majibu machache achague ndani yake huyaongezea matokeo nguvu wasiyokuwa nayo. Maria Gendron na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2014, waliwaomba Wahimba wa Namibia wazipange picha za nyuso katika mafungu kwa namna waliyoona inafaa. Mafungu waliyoyatengeneza hayakufuata orodha ya hisia sita. Mwaka 2016, Carlos Crivelli na wenzake waliripoti kwamba katika visiwa vya Trobriand uso wenye macho yaliyokodolewa na mdomo uliofunguka, ambao Magharibi husomwa kuwa wa woga, ulisomwa kuwa wa mtu anayetishia.

Kinachodhihirika ni kwamba uso ni sehemu ya mhemko, nao husomwa kwa msaada wa jina. Anayempa mtafitiwa orodha ya majina amekwisha kumsaidia kusoma. Tatizo la tafiti za awali halikuwa kuamini kwamba binadamu wana mwili mmoja. Lilikuwa kuliingiza jina ndani ya chombo cha upimaji na baadaye kulitoa humo kama ugunduzi.

5.0 Amigdala na Kosa la Istilahi

Joseph LeDoux aliwachunguza panya waliofunzwa kuhusisha mlio fulani na mshtuko wa umeme. Alifuatilia njia ambayo taarifa za mlio huo hupita hadi kufika katika amigdala, kijisehemu cha ubongo chenye umbo la lozi. Kitabu chake cha mwaka 1996 kilieneza wazo la njia mbili: moja fupi na ya haraka, na nyingine ndefu inayopitia gamba la ubongo. Kutokana na hapo, amigdala ikavishwa jina la kitovu cha woga.

Ushahidi wa baadaye uliitikisa sifa hiyo. Mwanamke mmoja ambaye amigdala zake zote mbili ziliharibiwa na ugonjwa adimu alishindwa kuutambua woga katika nyuso za watu, kama ilivyoripotiwa mwaka 1994. Ilielekea kuthibitika kwamba bila amigdala hakuna woga. Lakini mwaka 2013, Justin Feinstein na wenzake waliripoti kwamba yeye pamoja na wagonjwa wengine wawili wenye hali kama hiyo walipovuta hewa yenye asilimia 35 ya kabonidayoksaidi, walipatwa na woga mkubwa hadi kufikia taharuki. Tishio la kutoka nje halikuwagusa; tishio la kutoka ndani ya mwili wao liliwashika barabara.

LeDoux mwenyewe alijirekebisha. Katika maandishi yake ya mwaka 2012 na 2015 alisisitiza kwamba alichokuwa akikichunguza kwa panya ni mifumo ya kujihami, wala si woga kama binadamu anavyouonja. Kuuita mfumo wa kujihami kwa jina la woga kulikuwa kosa la istilahi lililozaa kosa la nadharia. Antonio Damasio naye alikuwa amekwisha kutofautisha mambo mawili yanayokaribiana na hayo: matendo ya mwili ambayo mtu mwingine anaweza kuyaona, na uonjaji wa ndani ambao ni wa mwenyewe pekee. Inapotokea wataalamu wa ubongo wamelazimika kutenganisha istilahi zao, mhakiki anayeandika kwa Kiswahili hana sababu ya kuzichanganya tena.

6.0 Hisia kama Uundaji

Lisa Feldman Barrett amelipeleka jina mbele kuliko mtangulizi wake yeyote. Kwa mujibu wa kitabu chake cha mwaka 2017, ubongo hukisia daima kinachoendelea ndani ya mwili na nje yake, na hutumia dhana zilizojengwa na tajiriba na utamaduni kuyapa makisio hayo maana. Hasira haikai mahali fulani ikisubiri kuwashwa. Huundwa upya kila inapotokea. Uchambuzi wa tafiti nyingi za picha za ubongo uliochapishwa mwaka 2012 na Kristen Lindquist, Barrett na wenzao haukuona sehemu moja ya ubongo inayomilikiwa na hisia moja tu.

Nadharia hii inaeleza vizuri tofauti baina ya jamii na jamii, lakini ina deni la kulipa. Jaak Panksepp, katika kitabu chake cha mwaka 1998, alikusanya ushahidi kwamba kusisimua kwa umeme sehemu fulani za ndani za ubongo wa wanyama huzaa mienendo inayofanana kila mara, na kwamba wanyama huitafuta baadhi ya misisimko hiyo na kuikwepa mingine. Kama hisia ni dhana, mnyama asiye na lugha na mtoto asiyeanza kusema wanaonja nini? Kwa mgawanyo wa makala hii, Panksepp anaonyesha kwamba mhemko, na pengine hisia, vinaweza kuwapo bila jina. Barrett anaonyesha kwamba jina linapofika, hisia haibaki kama ilivyokuwa. Madai haya mawili hayalazimiki kuuana.

7.0 Msamiati wa Kiswahili kama Kipimo

Kiswahili kinaweza kuzipima nadharia hizi, mradi kisifanywe shahidi wa jambo ambalo hakukiona. Neno uchungu linafaa kama mfano. Dawa huwa na uchungu. Mama mjamzito hushikwa na uchungu. Mfiwa huwa na uchungu. Na mtu mwenye uchungu na nchi yake ni yule anayeipenda kiasi cha kukasirishwa na kuharibiwa kwake. Katika orodha ya hisia sita, uchungu hauna kiti. Mfuasi wa Ekman atasema ni mchanganyiko wa huzuni na hasira. Mfuasi wa Barrett atasema ni hisia kamili kwa anayeizungumza lugha hiyo. Neno peke yake haliwezi kuamua. Utafiti wa Joshua Jackson na wenzake wa mwaka 2019, uliolinganisha lugha 2,474, ulionyesha kwamba uhusiano baina ya dhana za hisia hutofautiana sana kati ya familia moja ya lugha na nyingine, ingawa ubaya au uzuri wa hali na kiwango cha msisimko hujitokeza kama misingi ya pamoja. Kwa hiyo uchungu ni ushahidi kuhusu jina, na ni mwaliko tu wa kuchunguza hisia.

Mfano wa pili ni haya. Aibu humpata mtu baada ya jambo kutokea. Haya ni tabia inayomzuia asilitende. Mtu husifiwa kwa kuwa na haya na hulaumiwa kwa kutokuwa nayo. Haya inapofanya kazi yake vizuri, hakuna kinachoonekana: moyo hauendi mbio, uso haukunjamani, na hakuna tukio la kupimwa. Karibu nadharia zote zilizojadiliwa hapa zimejengwa juu ya hisia kama tukio la muda mfupi lenye mwanzo na mwisho. Sindano, picha, mlio na hewa iliyovutwa vyote vinadai tukio. Hisia iliyofunzwa kwa miaka na inayojulikana zaidi kwa kukosekana kwake huponyoka vyombo hivyo. Huu ni udhaifu wa nadharia, na si upungufu wa neno.

8.0 Athari kwa Mhakiki: Mfano wa Rosa Mistika

Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, iliyochapishwa mwaka 1971, inaonyesha hatari na faida kwa pamoja. Rosa analelewa chini ya ukali wa baba yake, Zakaria, anayempiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Baadaye Rosa anawakwepa wavulana; kisha mwenendo wake unageuka kabisa, na mwisho wake ni kujiua. Mhakiki aliyesoma LeDoux atashawishika kusema kwamba kipigo kilimfunza Rosa kuhusisha mvulana na maumivu, kama panya alivyohusisha mlio na umeme. Maelezo hayo yanavutia kwa wepesi wake, na ndipo yalipo makosa. Mhusika hana amigdala. Ana maneno aliyopewa na mwandishi, na nafasi aliyowekwa katika jamii ya riwaya. Kumpa ubongo ni kubuni ushahidi.

Maswali yenye tija zaidi ni matatu. Je, riwaya inaonyesha mhemko gani wa Rosa, na inaunyamazia upi? Je, msomaji anapewa nafasi ya kuingia katika hisia yake, au anasimulia mwingine? Na je, nani anayelipa jina lile analolionja? Swali la tatu linakirudisha chumba cha Schachter na Singer kwa sura mpya. Katika maabara, aliyemfundisha mtafitiwa jina la msisimko wake alikuwa mtu mmoja aliyekuwa akiigiza. Katika riwaya chumba kimejaa: baba, shule, wavulana na majirani, kila mmoja akiwa na mamlaka yake ya kuita woga haya, na kuita haya unafiki. Ukali wa Zakaria unajiita malezi. Mgogoro wa Rosa, kwa usomaji huu, ni mgogoro wa mtu ambaye majina ya yale yanayompata yamemilikiwa na wengine. Hapo nadharia inamsaidia mhakiki kuona jambo ambalo matini yenyewe inalibeba, bila kuigeuza matini kuwa mgonjwa.

9.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba nadharia za James, Cannon, Schachter na Singer, Ekman, LeDoux, Panksepp na Barrett haziko juu ya mstari mmoja ambao ya mwisho inaifuta ya kwanza. Kila moja imeangaza zaidi upande mmoja wa mhemko, hisia au jina, na kila moja ilikosea zaidi pale ilipodai kwamba upande wake ndio wote. Imebainika vilevile kwamba kosa hilo lilikuwa mara nyingi la istilahi kabla halijawa la vipimo.

Kwa watafiti wanaoandika kwa Kiswahili, jambo hili lina uzito wa kipekee. Anayechagua nadharia ya hisia kuwa kiunzi cha kazi yake anapaswa kutaja mapema anachokiita hisia, na kuonyesha ni upande upi ambao nadharia yake haiufikii. Vilevile anapaswa kuacha maneno kama uchungu na haya yaiulize nadharia maswali, badala ya kuyakata ili yaenee ndani ya orodha iliyotengenezwa kwa lugha nyingine. Bado unahitajika uchunguzi wa kina wa namna wazungumzaji wa Kiswahili wa maeneo mbalimbali wanavyotofautisha haya, aibu, soni na fedheha katika matumizi halisi, kwa kuwa hapo ndipo nadharia za tukio la muda mfupi zinapolegea zaidi.